Masharti ya masta ya ugunduzi wa mbegu, tuyasome kuanzia shambani

Ukimwambia mtu pale stendi ya Ngaramtoni kwamba wewe unasomea mbegu, swali la kwanza atakalokuuliza ni mfuko wa kilo mbili shilingi ngapi. Na hana kosa, maana kwenye Kiswahili chetu cha kila siku kuzalisha mbegu ni ile kazi ya makampuni, unachukua mbegu ambayo tayari ipo, unaipanda shamba kubwa, unang'oa mimea migeni, unavuna, unapaki, wakaguzi wa mbegu wa serikali, TOSCI, wanakagua, inaenda dukani. Hiyo ni kazi nzuri na ina watu wake na ina masta yake pia. Sasa hii ninayotaka kuizungumzia ni ya hatua iliyo nyuma ya hapo kabisa, kabla hiyo mbegu haijakuwepo duniani, pale mtu anapokaa akachanganya mzazi huyu na yule na kuchagua watoto miaka na miaka mpaka kitu kipya kinapatikana. Sheria yetu ya mwaka 2012 inamwita huyo mgunduzi wa aina mpya za mbegu za mimea. Shambani wote tunasema tu brida.

Naandika kwa sababu tangu nimemaliza yangu meseji haziishi. Vijana waliomaliza kilimo, wengine wako hapa Arusha wengine Moshi, wanatuma skrinshoti ya tangazo la chuo na swali ni lilelile, je nafaa? Wa mwisho alikuwa binti wa Machame, ana GPA ya 3.3, anajitolea kwenye kituo cha utafiti, ameshasoma matangazo ya vyuo vitano na kila kimoja kinadai kivyake, kimoja GPA 2.7, kingine 3.0 kati ya 4, kingine barua tatu za wadhamini, kingine IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, kingine kimeandika tu "msingi mzuri wa jenetiki na takwimu" basi, akaona hii kitu siyo ya watu kama yeye. Nilimpigia simu tukaongea karibu saa nzima. Nilichomwambia ni kwamba ukiyasoma hayo masharti kama fomu ya ofisini yatakutisha bure, lakini ukishajua siku yako shambani itakuwaje, karibu kila sharti linajieleza lenyewe kwa nini liko pale. Kwa hiyo tuanzie shambani, makaratasi tutayafikia.

Mimi risechi yangu ilikuwa ya maharage. Harage linajichavusha lenyewe, tena linafanya hivyo ua likiwa bado halijafunguka vizuri, kwa hiyo ukisubiri ua lichanue umeshachelewa. Unatafuta tumba ambalo litachanua kesho, limevimba na rangi imeanza kujitokeza, unalishika kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, wa kulia una kibano chenye ncha kama sindano. Unafunua petali kubwa ya nje, unasogeza yale mabawa mawili, unakutana na petali ya ndani iliyojizungusha kama konokono, na ndani ya huo mzunguko kuna stameni kumi na katikati yake sehemu ya kike, uzi mwembamba wenye vinyoya kwenye ncha. Stameni zote kumi zitoke, ukisahau moja tu kazi yote haina maana, na ule uzi usiguse. Halafu unaenda kwa mmea baba, unachukua ua lililochanua asubuhi hiyo, unabonyeza mabawa yake mpaka ncha yenye chavua inachomoza, unakuja kuipaka pale, unafunika na ile petali kubwa ili unyevu usitoke, unafunga kauzi ka rangi na lebo ndogo ya penseli. Penseli, siyo peni, kwa sababu peni inafutika na maji. Ua moja limeisha, unahamia la pili. Kuna siku nimefunga lebo kwenye maua kumi yakashika mawili, mengine yote yalidondoka kabla ya saa sita ya kesho yake.

Nakueleza hivi kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanafikiri masta hii ni maabara yenye kiyoyozi na mashine za vinasaba. Maabara ipo, utachukua majani, utatoa DNA, utaangalia alama za vinasaba kuona mtoto kachukua jeni ipi kwa mzazi yupi, lakini ukiingia hii kozi bila kupenda kuchutama kwenye tuta saa moja asubuhi utateseka sana. Na pia wapo wanaodhani ni GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara, ndugu zangu kule nyumbani walinihoji hilo mara nyingi. Kupaka chavua ya harage moja kwenye harage lingine ni kitu ambacho nyuki angeweza kukifanya, sisi tunachagua tu nani kwa nani na tunaandika.

Sasa jambo la pili ambalo hakuna tangazo linakuambia. Kwenye masta hautatoa mbegu mpya. Hapa ndo wengi wanaangukia, wanaandika kwenye maombi kwamba "nataka kugundua mahindi yanayostahimili ukame kwa wakulima wa Tanzania" na yule profesa anayesoma anajua moja kwa moja kwamba huyu bado hajaelewa kazi yenyewe. Piga hesabu mwenyewe. Harage linakomaa siku kama 75 mpaka 90. Msimu wa kwanza unachanganya wazazi, unapata mbegu za uzao wa kwanza, F1. Msimu wa pili unapanda hizo, zote zinafanana ikiwa wazazi walikuwa safi, unavuna F2. Msimu wa tatu unapanda F2 na hapo ndo mambo yanafumuka, mrefu mfupi, mwekundu mweupe, mgonjwa mzima, kila kitu. Kwenye F2 nusu ya zile jeni ambazo wazazi walitofautiana bado ni mchanganyiko, F3 inabaki robo, F4 asilimia 12.5, F5 6.25, ukifika F6 imebaki kama asilimia 3 ndo unaweza kusema sasa huyu ametulia, ukimpanda leo na mwakani atakuwa yuleyule. Hapo bado hujaipima mavuno sehemu mbalimbali misimu kadhaa, bado majaribio ya kitaifa, bado kuthibitisha kwamba ni tofauti na zilizopo, zinafanana zenyewe kwa zenyewe na hazibadiliki. Miaka minane, kumi, inaisha hivihivi. Zile Lyamungu 90 au Selian 97 ambazo mama zetu wamezipika miaka yote hii, ile namba ni mwaka mbegu ilipotoka, ila kazi ilianza mbali sana nyuma ya hapo.

Na hayo ni maharage ambayo ni ya haraka. Nenda Lyamungu, pale kuna utafiti wa kahawa tangu 1934, taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, wakaupokea 2001. Mche wa kahawa unaanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu, kwa hiyo uzao mmoja tu umeshameza masta yako yote na unadaiwa muda. Zile aina mpya zinazovumilia chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani, ambazo ndo zimerudisha matumaini kwenye vihamba vingi vya Hai na Rombo na Moshi Vijijini, zimepita mikono ya watu wengi sana mpaka kufika kwa mkulima. Na bado kwa sababu ni chotara, ukipanda mbegu yake watoto wanatawanyika, inabidi miche izalishwe kwa vikonyo au kubebesha. Mgomba ndo kabisa. Mchare wetu huu hautoi mbegu, ili upate hata moja inabidi uchavushe mikungu kwa mikungu, ukiipata unaiwahisha maabara kuokoa kile kiinitete kabla hakijafa. Kazi hiyo inafanyika hapahapa Arusha, shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo IITA na watu wa chuo cha Nelson Mandela na taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, TARI, na mwanafunzi wa masta akiingia mle anapewa kipande kimoja tu, mfano kupima aina kadhaa zipi zinavumilia ugonjwa wa mnyauko fusari na zipi hazivumilii. Kipande kimoja. Hicho kipande ndo masta yako.

Kama hautoi mbegu, unajifunza nini sasa? Unajifunza kuusoma mmea kwa namba, na hapa ndo linapotoka lile sharti la takwimu ambalo linawatoa watu jasho.

Chukua mfano. Una kundi la maharage, wastani ni maganda 20 kwa mmea. Unapita shambani unachagua mimea iliyobeba vizuri, wastani wa hiyo uliyochagua ni 30. Umepata tofauti ya maganda 10. Je ukipanda mbegu za hiyo mimea mizuri mwakani utapata wastani wa 30? Wakulima wengi watasema ndio. Ukweli ni kwamba ile mimea haikuwa mizuri kwa sababu ya damu peke yake, mwingine ulikuwa pembeni ya shimo la samadi ya zamani, mwingine jirani yake alikufa akapata nafasi. Ile sehemu ya tofauti inayotoka kwenye urithi tunaipa namba, tuseme hapa ni 0.3. Unazidisha 0.3 mara 10 unapata 3. Kizazi kijacho tarajia maganda 23, siyo 30. Hiyo hesabu ndogo ya mstari mmoja ndo moyo wa fani yote, R (nyongeza utakayopata, hapa 3) ni sawa na h mraba (sehemu ya urithi, ile 0.3) mara S (tofauti uliyochagua, ile 10), na kazi kubwa ya brida ni kuikadiria hiyo 0.3 bila kujidanganya.

Unaikadiriaje? Kwa kupanga shamba vizuri. Huku kwetu chini ya Meru ardhi ina mteremko, udongo wa juu unashuka na mvua, kwa hiyo ukipanda aina A yote juu na aina B yote chini utakuja kusema B ni bora kumbe ni mbolea tu imeteremka. Ndo maana unagawa shamba mabloku yanayokata mteremko, kila bloku inapata aina zote, na ndani ya bloku unapiga kura nani akae wapi. Marudio matatu au manne. Halafu unakaa na kompyuta, wengi siku hizi tunatumia programu ya takwimu inayoitwa R maana ni ya bure, unatenganisha kiasi gani cha tofauti kinatoka kwa aina, kiasi gani kwa bloku, kiasi gani ni kelele tu. Ukirudia sehemu mbili, tuseme Selian hapa Arusha na tambarare ya Hai, unapata na jambo jingine, aina iliyoongoza Selian inaweza kushika mkia Hai. Mtu aliyesoma takwimu kwa kukariri ili afaulu UE, mtihani wa mwisho wa muhula chuoni, hapa anakwama, kwa sababu hakuna anayekupa swali, umeshika deta yako ya mistari mia tisa na hujui uanzie wapi.

Na jenetiki ni vilevile. Mendel alisoma matokeo yake ya njegere mwaka 1865, sote tulifundishwa tatu kwa moja tukaandika kwenye mtihani. Sasa shambani umechanganya harage linalovumilia ugonjwa na lisilovumilia, una mimea 160 ya F2, kama uvumilivu unaletwa na jeni moja yenye nguvu unatarajia 120 wazima na 40 wagonjwa. Wewe umehesabu 126 na 34. Ni tatu kwa moja au siyo? Unapiga kai-skwea, kipimo cha kuona kama ulichohesabu kinapishana mno na ulichotarajia, 6 mara 6 gawa kwa 120 ni 0.3, 6 mara 6 gawa kwa 40 ni 0.9, jumla 1.2, kikomo cha kukataa ni 3.84, kwa hiyo deta yako haijapingana na jeni moja. Mtu ambaye anaweza kukaa na karatasi akaifanya hiyo bila kuogopa, huyo ana ule "msingi mzuri wa jenetiki na takwimu" wanaousema kwenye tangazo. Hawana maana nyingine kubwa zaidi ya hapo.

Haya, sasa turudi kwenye makaratasi, utaona yanaenda haraka.

Digrii ya kwanza. Kilimo cha jumla, agronomia, hotikalcha, bayoteknolojia, botania, zote hizo zinapita kirahisi. Waliosoma BSc ya elimu wenye baiolojia nao wanapita sehemu nyingi, ila wataangaliwa kozi walizosoma moja moja, na kama takwimu au jenetiki haipo wanaweza kupokelewa kwa sharti la kusoma kozi za kufidia kwanza, ambazo kawaida hazihesabiwi kwenye masta. Usione aibu kwa hilo, ni miezi michache tu na inakuokoa baadaye. Kabla hujaaplai kaa na transkripti yako, pigia mstari kila kozi ya jenetiki, takwimu, fiziolojia ya mimea, magonjwa na wadudu, udongo. Hiyo ndo GPA yao ya pili wanayoiangalia kimya kimya. Mtu mwenye 3.2 lakini ana A ya biometria, yaani takwimu za viumbe, na B+ ya jenetiki anasomeka tofauti na mwenye 3.7 aliyepata C hizo mbili.

GPA yenyewe. Kwetu daraja la kwanza linaanzia 4.4, la pili juu 3.5 mpaka 4.3, la pili chini 2.7 mpaka 3.4, chini ya hapo ni Pass. Vyuo vyetu kwa masta kwa kawaida wanaanzia pale pili chini, na mwenye Pass njia iliyozoeleka ni kupitia stashahada ya uzamili kwanza. Ufadhili ndo una ushindani, huko pili juu inakubeba.

Ila hii ya 3.0 kati ya 4 imeua ndoto za watu wengi bila sababu. Wamarekani wanahesabu A ni 4, B ni 3, C ni 2. Sisi A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Sasa mtu mwenye B tupu kila somo kwetu ana 3.0 ya tano, anachukua kalkuleta anagawa kwa tano anazidisha kwa nne anapata 2.4, anafunga kompyuta analala. Lakini mtu mwenye B tupu Marekani ana 3.0 yao! Ndo maana vyuo vingi vya huko hawatumii hiyo kalkuleta, wanaangalia somo kwa somo wenyewe au wanakutaka upeleke transkripti kwa shirika la tathmini kama WES. Na upande wa pili usijidanganye pia, 3.4 ya kwetu usiiandike kama 3.4 ya kwao. Andika 3.4 kati ya 5 na uwaachie wao.

Vivyo hivyo na krediti. Masta ya kwetu ni krediti 180, Ulaya 120, Marekani mara nyingi 30, mtu anaona kama ya Marekani ni ya mchezo. Krediti ya kwetu ni saa kumi za kazi, ya Ulaya ni saa 25 mpaka 30, ya Marekani ina hesabu yake. Muda ni uleule kama miaka miwili kote.

Jina la digrii nalo lisikuchanganye. Makerere utaikuta imeandikwa wazi, ugunduzi wa mbegu na mifumo ya mbegu. Cornell ya Marekani ni ugunduzi wa mbegu. SUA wengi wamepitia masta ya sayansi ya mazao huku disetesheni yao, ile ripoti ya utafiti, ikiwa ni ubrida mtupu, na Nelson Mandela hapa Tengeru unaingia kwa mlango wa sayansi za viumbe hai. Kinachokufanya brida ni kozi ulizochukua na kile ulichokifanya shambani. Ila uangalie kama masta ni ya kozi weki tupu, yaani masomo ya darasani peke yake, au ina disetesheni, kwa fani hii bila disetesheni umebaki nusu, na ukitaka PhD baadaye utaulizwa.

Kiingereza, ukibaki Afrika Mashariki hausumbuliwi. Ulaya wengi wanataka IELTS 6.0 au 6.5, na cheti kinaishi miaka miwili tu kwa hiyo usikimbilie kufanya mapema kikaisha kabla hujapata chuo. Baadhi wanakubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza, waandikie uwaulize kwanza, mtihani ule ni hela nyingi.

Barua za wadhamini, hapa nina kidonda. Nilipoaplai mara ya kwanza nilimwomba mwalimu mmoja aliyenifundisha, sitamtaja yeye wala chuo, akakubali vizuri kabisa, nikawa nakumbusha kwa adabu kila wiki, siku ya dedlaini saa nne usiku mfumo bado unaonyesha barua mbili kati ya tatu. Maombi yangu hayakusomwa. Niliumia sana mwaka ule. Tangu hapo nawaambia wadogo zangu, omba watu wanne pale wanapotaka watatu, na mmoja awe ni mtu aliyekuona ukiwa na matope, yaani msimamizi wako wa kituo ulikojitolea. Barua inayosema "huyu alihesabu vidonda vya kutu kwenye majani kwa wiki tisa na namba zake tulizirudia zikawa sawa" ina uzito kuliko barua ya mtu mkubwa inayosema ni mwanafunzi mwenye bidii.

Kwa hiyo kujitolea siyo kupoteza muda jamani. Arusha na Moshi tumebahatika, ndani ya safari ya daladala una TARI Selian, TARI Tengeru, wale wa World Vegetable Center pale Duluti, Lyamungu, na benki ya taifa ya nasaba za mimea iliyoko Ngaramtoni kwenye eneo la zamani la TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu, ambao sasa ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nenda na barua, omba hata miezi mitatu, chukua deta za watu. Kwenye simu weka Field Book, ni app ya bure ambayo mabrida wengi wanaitumia kurekodi, ukishaizoea utakuwa umejua nusu ya jinsi wanavyofikiri.

Supavaiza ni sharti ambalo Ulaya halina nguvu sana wakati wa kuomba ila Marekani ndo mlango wenyewe, kwa sababu pale profesa ana hela ya mradi na anatafuta mtu wa kuufanya, akikukubali analipa ada na posho, asipokukubali hata uwe na 4.8 unarudi. Mwandikie kabla ya kujaza fomu. Usimwandikie ukurasa mzima wa shida zako, mistari minane inatosha, soma kazi yake moja vizuri, mwambie ulichokielewa, mwambie wewe umeshika nini kwa mikono yako, muulize kama ana nafasi. Hapa nyumbani pia mtafute mapema, na swali moja usiogope kumuuliza, nani analipia risechi? Ada ni kitu kimoja. Shamba, vibarua, maji ya kumwagilia, kutoa DNA, nauli ya kwenda shamba la pili, hiyo ni hela nyingine kabisa na ndiyo inayowaacha watu na kozi zilizoisha na disetesheni haijaanza. RUFORUM (umoja wa vyuo vikuu vya Afrika kwenye kilimo), DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) na miradi ya vituo vya utafiti ndo sehemu za kuanzia kuulizia.

Halafu kuna msimu. Masika haikusubiri. Mimi proposali yangu ilipita kamati mwezi wa nne, wakati huo mvua ilishaanza na majirani walishapalilia, nikapanda kwa kuchelewa, maua yakakutana na baridi na ukavu, deta ikawa mbovu, nikarudia mwaka mzima. Tangu siku unayoanza kozi hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye mvua, siyo kwenda mbele kutoka kwenye ratiba ya chuo.

Yule binti wa Machame konsepti yake ya kwanza, yaani wazo la utafiti, ilikuwa ileile ya mahindi ya ukame. Tukaongea, nikamuuliza kwenu mnalima nini huko chini, akasema ngwara, zao la jamii ya maharage, baba analima tambarare na wanunuzi wanatoka Kenya. Nikamuuliza unajua ziko aina ngapi, akanyamaza. Baada ya wiki mbili akanitumia kurasa mbili: aina 25 za ngwara, sehemu mbili, marudio matatu, masika moja, apime siku za kutoa maua, maganda, uzito wa mbegu, aone zipi zinatofautiana kwa urithi na zipi kwa shamba. Ploti 150. Hiyo ni masta, inafanyika, na hakuna profesa atakayeitupa bila kuisoma.

Lakini nikamwambia apige hesabu moja zaidi. Ploti moja mashimo 40, mbegu mbili kila shimo, ni 80. Kila aina iko kwenye ploti sita, ni mbegu 480 za aina moja. Benki ya nasaba inakupa mbegu chache tu, kiganja kimoja, na haki yao. Zinazobaki utazitoa wapi? Hapo akaelewa kwamba inabidi azizidishe kwanza msimu mmoja kabla ya masika, na azitenganishe maana nyuki wanapenda ngwara. Mwezi wa nane ameanza, kaomba kipande kwenye shamba la baba yake pale mfereji unapopita, kaanza na aina sita alizookota mwenyewe sokoni Kwa Sadala na Tengeru wakati barua yake ya benki inashughulikiwa. Juzi kanitumia picha, zimeota, lebo kazikata kwenye madumu ya mafuta ya kula, kaziandika kwa penseli.